Kipindi cha Dini

Niliajiriwa na padri, nikastaafishwa na halmashauri. Katikati hapo ni miaka arobaini ya chaki, yote ndani ya wilaya moja ya Masasi. Wajukuu wakiniuliza nilikuwa mwalimu wa nani, wa Kanisa au wa Serikali, huwa nawaambia wanisubiri nimalize kula.

Nilifika shuleni Januari 1962, Uhuru ukiwa na mwezi mmoja, kwa miguu, na sanduku la mbao kichwani. Cheti changu kilikuwa cha Daraja la C: darasa la nane, kisha miaka miwili ya chuo cha ualimu cha misheni. Barua ya kazi niliandikiwa na meneja wa shule, na meneja wa shule alikuwa padri wa Anglikana wa mtaa. Yeye ndiye aliyeajiri, aliyehamisha na aliyefukuza. Mshahara ulitoka kwenye ruzuku ya serikali lakini ulipita mezani kwake, na tulitia sahihi mbele ya picha ya Bikira Maria. Mwalimu aliyeoa mke wa pili hakusubiri barua. Alifunga virago mwenyewe kabla ya Jumapili.

Shule ilikuwa na madarasa mawili ya matofali ya kuchoma na la tatu la udongo na nyasi. Darasa la kwanza waliandika kwenye vibao vya mawe, na ubao wetu tuliusugua kwa mkaa na majani mabichi kila Ijumaa mpaka ukawa mweusi tena. Kengele ilikuwa rimu ya lori. Waingereza walikuwa wamefyeka mapori ya Nachingwea mwishoni mwa miaka ya arobaini ili walime karanga za kulisha nchi yao, na mwaka 1951 mradi ukafa. Karanga hatukuziona, lakini vyuma vyake vilitapakaa kusini yote, na sisi tulipata rimu. Iligongwa alfajiri kwa sala, saa mbili kwa masomo, saa sita kwa Malaika wa Bwana. Wakulima wa upande wa pili wa bonde, Waislamu kwa Wakristo, waliacha jembe kwa rimu ile ile.

Padri alikuwa na vijiji vingi na baiskeli moja. Jumapili asipokuwepo, mwalimu aliongoza sala, akafundisha wakatekumeni, akasoma matangazo ya ndoa, na mtu akifa, mwalimu alizika. Hapakuwa na posho ya kazi hiyo wala aliyeiulizia. Sisi tulizaliwa ndani ya historia ambamo kanisa na darasa vilikuja siku moja. Askofu Edward Steere alifika Masasi mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, waliotoka Unguja naye. Nia yake ilikuwa kufika Ziwa Nyasa, lakini watu wake walipoona vilima vile vya mawe na maji yake, wengi wakasema hapa panatosha. Mpaka nilipokuwa kijana, kanisani Mtandi kulikuwa na familia zilizojua babu yao alikuwemo katika msafara huo, na zilikaa mbele bila kuambiwa.

Mwalimu mkuu wangu wa kwanza alisomea chuo cha misheni cha Minaki kabla ya Vita vya Pili. Alikuwa mkali, alivaa kaptula iliyopigwa pasi ya mkaa, na alikuwa na madaftari ambayo hayakuwa ya masomo. Kila nyumba ya kijiji ilikuwa na ukurasa wake: baba ni nani, mama ametoka wapi, nani mgonjwa, shamba liko bonde gani, mtoto yupi hukesha kufukuza nguruwe pori. Jumatatu asubuhi tuliita mahudhurio. Jumatatu alasiri alinichukua tukazunguka kwa wale walioitwa wakakosekana. Mara ya kwanza nilinung'unika kwamba chuoni hawakutufundisha kutembea. Akasema, "Mtoto asiyekuja shule ana sababu, na sababu haiji shuleni kwa miguu yake."

Kwa kuzunguka huko nilijifunza ambayo hayamo katika azimio la kazi. Kuanzia Oktoba mahudhurio yalishuka kwa sababu korosho zinaokotwa, na nyumba yenye uraka wa mabibo ina watu wazima waliolala mpaka saa nne na watoto wanaopika. Baada ya mavuno lilikuja jando. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi tangu 1926, aliwahi kufanya jambo ambalo wamisionari wengine waliliona la hatari: badala ya kulipiga marufuku jando, aliliingiza kanisani, na sala na mapadri wake Waafrika. Mimi mwenyewe nimepita katika hilo. Wayao wa ng'ambo ya mto walikuwa na jando lao, lupanda. Mwalimu aliyepanga mtihani katika wiki zile alikuwa hajui yuko wapi.

Upande huo wa pili ndio ulionipa mawazo.

Kijiji kilikuwa nusu na nusu: Wamakua na Wamakonde wa misheni upande wa shule, Wayao wengi Waislamu ng'ambo ya mto wa msimu, na shule ilikuwa moja tu. Sheria haikumzuia mtoto yeyote kuingia. Ada ilikuwepo, lakini padri alipokea hata kuku na magunia ya karanga, kwa hiyo umaskini haukuwa kizingiti kikubwa. Kizingiti kilikuwa daftari la uandikishaji. Palikuwa na desturi, na haikuwa ya shule yetu peke yake, kwamba mtoto akiandikishwa hupewa jina la mtakatifu, eti litamrahisishia baadaye. Mwaka wangu wa pili alikuja mzee mmoja wa ng'ambo, kofia mkononi, na bintiye wa miaka minane aliyekuwa amekwisha kukaa nasi wiki chache. Alitusalimu sote, akakataa kiti, akasema, "Bwana Mwalimu, mimi nilimleta mtoto na jina la bibi yake. Mnataka kunirudishia na jina la Mzungu." Akamshika mkono wakaondoka. Alikuwa mtoto mwepesi wa hesabu. Mwalimu mkuu aliandika katika ukurasa wa nyumba ile neno moja, "Ameondoka," na Jumatatu iliyofuata tulikwenda. Tulipewa maji ya kunywa na mkeka wa kukalia, tukaongea habari za mvua. Mtoto hakurudi.

Na kipindi cha dini kilikuwa kwenye ratiba kama hesabu. Kilikuwa na alama, kilikuwa na mtihani, na aliyesahau Amri ya Saba alichapwa kama aliyesahau saba mara nane. Watoto walijua Katekisimu kwa moyo. Sijui mpaka leo wangapi walijua kingine zaidi ya fimbo.

Askofu wetu wakati huo alikuwa Trevor Huddleston, Mwingereza mrefu wa shirika la watawa, aliyefika Masasi mwaka 1960. Dunia ilimjua kwa kupinga ubaguzi wa rangi Sophiatown, Johannesburg, mahali ambapo watu walivunjiwa nyumba na kuhamishwa kwa nguvu. Sisi tulimjua kwa vumbi la kanzu yake na kwa watoto waliomning'inia mikononi kila alipokuja kutoa kipaimara. Aliiamini nchi hii na alimwamini Nyerere. Aliondoka mwaka 1968, akafuatiwa na Hilary Chisonga, Mtanzania.

Lakini kabla hajaondoka lilikuja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mwezi uliofuata kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Tulikisoma kijitabu kile kwa zamu, kwa taa ya kandili, walimu watatu. Ilitubidi tukiri, ingawa kwa sauti ya chini, kwamba aliyekiandika alikuwa mwenzetu. Nyerere alifundisha shule za Wakatoliki, St. Mary's kule Tabora na St. Francis kule Pugu, mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Alikuwa amekula mkate wa misheni na alimjua meneja wa shule. Kwa hiyo ilipopitishwa Sheria ya Elimu ya 1969 na tukaambiwa kuanzia 1970 shule ni mali ya umma, hatukuweza kusema kwamba anachukua kitu asichokijua.

Makabidhiano yalifanyika chini ya mkorosho. Alikuja ofisa wa elimu na karani mwenye orodha, padri akaja na yake, wakaanza kulinganisha: madawati, meza, jembe, vitabu vya hesabu, mizani, rimu. Mgogoro ulikuwa madawati. Yalitumika darasani Jumatatu hadi Ijumaa na kanisani Jumapili, na hakuna aliyekumbuka yalinunuliwa kwa sadaka au kwa ruzuku. Mwisho yakaandikwa ya Serikali. Tangu hapo kila Jumamosi jioni wazee wa kanisa waliyaazima kwa barua, na kila Jumatatu asubuhi wanafunzi waliyarudisha, wakiwemo Waislamu. Jina la mtakatifu lililokuwa juu ya mlango lilipakwa chokaa, likaandikwa jina la kijiji. Kuna kina mama waliolia. Mwaka huo huo Kanisa letu la Anglikana lilikuwa limepata jimbo lake la Tanzania, na wakati tukipiga vigelegele kwa hilo, shule zilikuwa zinaondoka kwa mlango wa nyuma.

Ofisa alipofika kwenye kabati la mwalimu mkuu akakuta yale madaftari ya nyumba. Akafungua moja, akasoma kidogo, akauliza ni ya somo gani. Mzee akamjibu si ya somo. Karani akatazama orodha, hayakuwemo, wakaendelea na viti. Jioni mzee aliyabeba nyumbani kwake ndani ya kikapu. Alistaafu muda mfupi baadaye, na mengine akanipa mimi.

Sasa niseme langu, maana wenzangu wengi wa umri huu wanapenda kusema shule zilikufa siku ile. Hazikufa. Serikali ilitenda haki, na mimi niliiona haki hiyo kwa macho Januari 1971, siku ya kuandikisha. Foleni ilikuwa na kofia na mitandio kutoka ng'ambo kiasi ambacho hatukuwahi kuona. Wazee wale hawakuwa wamechukia kusoma miaka yote hiyo, kama tulivyozoea kusema mezani kwa padri. Walikuwa wakingoja mlango usiodai jina la mtoto.

Kipindi cha dini hakikufutwa. Serikali iliruhusu kiwepo, kila dini na mwalimu wake. Wakristo walibaki na mimi. Kwa Waislamu alikuja shehe wa madrasa ya ng'ambo, mtu mpole, fundi cherehani. Wiki za kwanza alifundisha chini ya mti, akikwepa kuingia jengo lililojengwa na misheni. Masika yalipoanza nikamfuata nikampa darasa la matofali. Alisimama mlangoni akiangalia juu. Mafundi wa zamani walikuwa wameyapanga matundu ya hewa juu ya dirisha kwa umbo la msalaba, na hakuna chokaa ambayo ingeliziba hilo.

"Bwana Mwalimu," akaniuliza, "hewa inapita hapo?"

"Inapita, Shehe."

"Basi." Akaingia.

Tulifundisha hivyo miaka mingi, ukuta mmoja kati yetu, na kuna siku alipougua nilikaa na watoto wake wakarudia wenyewe sura walizokuwa wakihifadhi, mimi nikihakikisha tu hawapigani. Naye alinilipa vivyo hivyo niliposafiri. Katika chumba changu mambo yalikuwa yamegeuka. Hakukuwa tena na mtihani wa kuogopwa wala meneja wa kumripotia. Mtoto akikosa kipindi changu hakuna alichopoteza kwenye cheti. Ilinibidi nifundishe hadithi ya Msamaria Mwema kwa namna ambayo mvulana wa miaka kumi, mwenye mpira wa makaratasi mfukoni, angechagua kubaki ndani. Chuoni hawakutufundisha hilo pia. Naamini kazi yangu ya kumfundisha mtoto habari za Kristo ilianza hapo, baada ya padri kunyang'anywa daftari.

Kilichopotea ni kingine, na hakikunyang'anywa na mtu. Kilikosa tu mwenyewe. Chini ya utaratibu mpya palikuwa na fomu za kila kitu: ekari za shamba la shule, idadi ya kuku, mahudhurio kwa asilimia. Asubuhi tulianza na mchakamchaka badala ya sala, na sikuona ubaya. Watoto walifika darasani wamechangamka. Ila hapakuwa na fomu iliyouliza mwalimu ametembelea nyumba ngapi. Mwalimu mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, kijana mwenye bidii, alinishangaa Jumatatu alasiri nikitoka na fimbo ya kutembelea. Akaniuliza kama nalipwa kwa hiyo. Hakuwa na dharau. Alitaka kujua kama na yeye angeweza kuomba.

Niliendelea, na zile kurasa zilipata misukosuko. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilihamishia watu barabarani, nyumba kumi kumi kwa mstari, na madaftari yote yakawa hayana maana kwa wiki moja. Mikorosho ilibaki kule porini. Watu walirudi kuihudumia kwa mwendo wa nusu siku, halafu wakachoka, na zao lililokuwa limefikia kilele msimu wa 1973/74 likaanza kuporomoka. Kwangu mimi hiyo ilionekana kama majina yasiyoitikiwa: watoto waliolala shambani na bibi zao kulinda korosho za baba.

Novemba ya mwaka huo Azimio la Musoma likatangaza elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977. Ada ilikuwa imekwisha kuondolewa mwaka 1973. Darasa la kwanza likawa la asubuhi na la mchana, na wakaletwa walimu wa UPE, vijana waliomaliza darasa la saba wakasomeshwa ualimu huku wakifundisha. Watu waliwacheka, wakasema kirefu chake ni Ualimu Pasipo Elimu. Nimefanya kazi nao na sicheki. Wengine hawakujua sehemu za mia, ni kweli, na tulikaa nao jioni tukawafundisha. Lakini walikuwa watoto wa vijiji hivi hivi. Ukimwambia binti wa UPE twende tukamtazame fulani hajaonekana, hakuuliza posho. Alikwisha kujua fulani amelala wapi.

Jioni tulikuwa na kisomo cha watu wazima, kilichopamba moto tangu 1970. Huko ndiko alikorudi yule binti wa ng'ambo. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akakaa mbele, na kwa wiki chache akawa ameshawapita wenzake wote, hasa kwa hesabu. Siku ya kuandika majina aliandika lake, la bibi yake, kwa herufi kubwa zilizojaa ubao. Baba yake alikuwa amekwisha fariki. Watoto wake wote nimewafundisha. Wawili walikuwa chumba cha Shehe.

Miaka ya themanini siielezi sana. Chaki zilikwisha tukaandika kwa vipande vya muhogo mkavu, na wanafunzi wakala chaki. Mshahara ulichelewa mpaka walimu wakauza vitumbua wakati wa mapumziko kwa watoto wale wale wanaowafundisha. Michango na ada vikarudi, na kwa mara ya kwanza tangu enzi ya padri nikaona mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya shilingi. Padri angalau alipokea kuku.

Nilistaafu mwaka 2002, mwaka ambao Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulikuwa unaanza na ada imefutwa tena. Siku zangu za mwisho kazini nilizitumia kuandikisha darasa la kwanza lililofurika mpaka chini ya mkorosho.

Miaka kadhaa baadaye padri kijana alinitembelea nyumbani. Tangu miaka ya tisini makanisa yalikuwa yanafungua shule upya, na waumini wa huku nao walikuwa wamejenga ya msingi, nzuri, ya kufundishia kwa Kiingereza, yenye basi la njano. Alitaka niwe katika bodi na nifundishe maadili. Nilifurahi, sina haja ya kuficha. Nikamuuliza ada, akanitajia. Nikamuuliza nani wa kijiji hiki anaiweza. Akasema wapo watoto wa watumishi wa halmashauri na wa benki, na wachache wanafadhiliwa. Nikamuuliza kama wamo Waislamu. Akasema wamo tele, wanaolipa, na hakuna anayebadilishwa jina. Hapo nilimpongeza kwa dhati. Wala simlaumu kwa ada, maana ruzuku haipo na walimu lazima wale.

Nikauliza la mwisho: mtoto asipofika, nani anakwenda kwao?

"Mzee, tuna namba za simu za wazazi wote," akasema. "Tunawatumia ujumbe."

Nikamwambia nina kipindi changu cha dini kila Jumatano katika shule ya serikali, bila malipo, na magoti yangu hayatoshi shule mbili. Alisikitika. Alizaliwa muda mrefu baada ya 1970, na shule ya Kanisa anayoijua yeye ina geti.